UMRI WA SAMAKI

1. Bwawa la shule

Shule moja ya karibu na Salamabila ilichimba bwawa la samaki. Urefu wa bwawa ulikuwa metri 10, na upana metri 10. Mwezi wa kumi, mvua zilipoanza, mwalimu na wanafunzi wa mwaka wa tano walitia ndani yake tilapia wachanga 200. Kila mmoja alikuwa na urefu wa sentimetri 5, sawa na kidole, na umri wa miezi 2. Kabla ya kuwaachilia majini, mwalimu alishika 20 kati yao, akamkata kila mmoja pezi moja la tumboni kwa mkasi mdogo. Wanafunzi wakauliza, "Mwalimu, kwa nini unawakata?" Akajibu, "Ni alama. Siku moja mtaona faida yake."

Mwaka ukapita. Mwezi wa kumi uliofuata walipunguza maji, wakavua. Furaha yao ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Bwawa lilijaa samaki, ndiyo. Lakini samaki gani! Wengi walikuwa wadogo kama kidole. Wakubwa kabisa hawakuzidi sentimetri 12.

Hapo wanafunzi wakaanza kubishana. Wengine walisema, "Hawa bado ni watoto. Tuwarudishe majini, tungoje mwaka mwingine, nao watakuwa wakubwa." Wengine walisema, "La! Hawa ni watu wazima. Hata tukingoja miaka 5 hatutapata kitu."

Jambo hili si dogo. Kama samaki ni watoto, kuwala leo ni hasara, maana kesho wangekuwa na nyama nyingi. Kama ni wazima, kuwangojea ni hasara vilevile, maana wanakula chakula cha bwawa bila faida. Methali yasema: Mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini mvumilivu lazima ajue kwanza kama tunda lake bado linaiva.

Basi, ili kujua la kufanya, yafaa kujua umri wa samaki. Lakini samaki hana cheti cha kuzaliwa, wala hasemi. Tutamwulizaje umri wake?

2. Urefu si umri

Watu wengi hutazama urefu tu. Samaki mrefu, wanamwita mzee; samaki mfupi, wanamwita mtoto. Hilo ni kosa.

Nendeni sokoni Salamabila, mtazame ndagaa wakavu waliotoka ziwa la Tanganyika. Ndagaa mmoja ana urefu wa sentimetri 8 au 9 tu. Je, ni mtoto? Sivyo. Ndagaa wengi wa ziwa lile huishi yapata mwaka mmoja tu. Ndagaa wa sentimetri 9 amekwisha kukua, na pengine amekwisha kuzaa. Katika ziwa hilohilo yuko sangala, samaki mkubwa mwenye nguvu, anayekula ndagaa. Sangala wa sentimetri 9 ni mtoto kweli. Angali na miaka mbele yake. Urefu ni mmoja, lakini umri si mmoja.

Hata samaki wa aina moja hawalingani. Panda mahindi mengi mno mahali padogo: yatakuwa membamba na mafupi, ingawa umri wake ni sawa na ya shamba zuri. Samaki ni vivyo hivyo. Akipata chakula kingi na nafasi, hukua upesi. Akikosa, hudumaa. Kwa hiyo kipimo cha metri peke yake hakitoshi. Sharti tutafute alama nyingine mwilini mwake.

3. Gamba ni kitabu

Samaki wengi wamevaa magamba. Yamepangwa kama majani ya paa la nyumba, moja likilalia jingine. Hesabu ya magamba haiongezeki samaki anapokua. Basi mwili ukiwa mkubwa, kila gamba nalo halina budi kuwa kubwa, ama sivyo sehemu za ngozi zingebaki tupu.

Gamba hukua ukingoni, mstari mmoja mwembamba baada ya mwingine. Samaki anaposhiba, mistari huachana. Anapoona njaa, au baridi, au shida nyingine, hukua polepole, au husimama kabisa; hapo mistari hubanana. Mahali ilipobanana huonekana kama pete. Hivyo gamba huandika siku za shibe na siku za njaa.

Mwalimu aliwafundisha wanafunzi kusoma gamba hivi:

Kwanza, chagua gamba la ubavuni, chini ya pezi la mgongo. Magamba ya mahali hapo ni mazuri kuliko ya mkiani au ya tumboni. Ling'oe polepole kwa ncha ya kisu.

Pili, lioshe kwa maji na sabuni, ulisugue kwa vidole mpaka ute utoke wote.

Tatu, liweke kati ya vipande viwili vya kioo safi, lisijikunje.

Nne, liinue kwenye mwanga, ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Sehemu iliyokuwa imefichwa ndani ya ngozi ndiyo yenye mistari ya kusomwa. Anza katikati, penye moyo wa gamba, uende ukingoni.

Tano, usitazame gamba moja tu. Tazama matano au zaidi. Samaki akipoteza gamba kwa kuumwa au kwa kukwaruzwa, jingine huota mahali pake. Hilo jipya hukua haraka lifikie ukubwa wa mengine, lakini katikati yake halina mistari. Ni kama kitabu kilichopoteza kurasa za kwanza. Gamba la namna hiyo litupe.

Gamba laweza kutuambia hata urefu wa zamani wa samaki. Tuseme samaki ana sentimetri 12. Toka moyo wa gamba lake mpaka ukingoni ni milimetri 3. Pete iko milimetri 2 kutoka moyoni. Milimetri 2 ni theluthi mbili za 3. Basi pete hiyo ilipoandikwa, samaki alikuwa na theluthi mbili za urefu wa leo, yaani sentimetri 8. Hesabu hii si kamili kabisa, lakini inakaribia kweli.

4. Kosa la wanafunzi

Wanafunzi waliwatafuta samaki wenye alama. Waliwapata 7. Pezi lililokatwa lilikuwa limeota vibaya, limepinda, hata mtu hakuweza kulikosea. Samaki hao 7 walikuwa miongoni mwa wale wakubwa, wa sentimetri 11 na 12.

Mwanafunzi mmoja alichukua gamba la jike mwenye alama, akalitazama kwa uangalifu. Akapaza sauti: "Nimeona pete mbili! Samaki huyu ana miaka 2!"

Mwalimu akamwuliza, "Tulimtia bwawani lini?"

"Mwezi wa kumi wa mwaka jana."

"Siku ile alikuwa na umri gani?"

"Miezi 2."

"Basi leo ana miezi mingapi?"

Mwanafunzi akahesabu, akanyamaza. Miezi 12 na miezi 2 ni miezi 14. Samaki hakutimiza hata mwaka mmoja na nusu, naye ana pete mbili. Je, gamba limesema uwongo?

Gamba halikusema uwongo. Mwanafunzi ndiye aliyesoma vibaya. Tuone kwa nini.

Katika nchi za Ulaya, majira ya baridi huja mara moja kila mwaka. Maji huwa baridi sana, mengine huganda juu. Samaki wengi hula kidogo, wala hawakui. Baridi ikiisha, hukua tena. Basi kila mwaka huacha pete moja. Mwaka 1759 mchungaji mmoja wa Uswidi, Hans Hederström, aliandika jinsi alivyohesabu pete katika mifupa ya uti wa mgongo wa samaki ili kujua umri wao. Katika nchi yake pete moja ni mwaka mmoja.

Lakini kwetu Maniema hakuna baridi ya kugandisha maji. Tuna majira ya mvua na majira ya kiangazi. Kiangazi maji ya mito hupungua na chakula hupungua. Samaki wengine huacha pete wakati huo. Tena kuna sababu ya pili. Tilapia jike wa namna ile ya bwawani hutunza mayai yake kinywani. Mayai yakianguliwa, vitoto hukaa kwanza kinywani mwa mama, na hatari ikija hukimbilia humohumo. Siku hizo zote mama hali, au hula kidogo sana. Hawezi kukua. Gamba lake linaandika pete, ingawa mwaka haujaisha.

Wataalamu wamehakikisha jambo hili. Mwaka 1958 Garrod na Newell waliandika juu ya pete za magamba ya ngege wa ziwa Victoria, aliye ndugu wa tilapia wetu. Walionyesha kwamba pete zake zinafuatana na majira ya kuzaa. Mtu akihesabu kila pete kuwa mwaka mmoja, atamwongezea samaki umri asiokuwa nao.

Sasa mmefahamu faida ya kukata pezi. Samaki mwenye alama, ambaye siku zake zajulikana, ndiye mwalimu wetu. Anatufundisha pete moja ni muda gani katika maji yetu. Bila yeye twahesabu pete tu, umri hatuujui.

Mwalimu akalitwaa lile gamba tena. "Tazameni," akasema. "Karibu na moyo mistari imeachana: alikula vizuri, akakua upesi. Kisha pete ya kwanza: alizaa. Kisha ya pili: alizaa tena. Na hapa ukingoni mistari yote imebanana: njaa. Huyu si mtoto. Ni mama mwenye njaa."

Ubishi ukaisha. Samaki wa sentimetri 12 walikuwa wazima, nao wamezaa mara nyingi. Wale wadogo kama kidole walikuwa watoto na wajukuu wao. Bwawa lilikuwa na midomo mingi kuliko chakula. Kungoja tu kusingefaa kitu. Wanafunzi waliwavua wote, wakala, wakawagawia na jirani. Kisha walitia wachanga wengine 200, wakawalisha kila siku majani ya muhogo, pumba za mpunga na mchwa. Hawakungoja mwaka. Walivua baada ya miezi 6, kabla bwawa halijajaa. Mara hii samaki walijaa kiganja cha mtu mzima.

5. Jiwe la sikio

Mtauliza: kama pete za gamba zadanganya asiyejua kusoma, hakuna alama nyingine? Iko.

Samaki hana masikio ya nje kama mbuzi, lakini anasikia. Ndani ya kichwa chake, chini ya ubongo, yako mawe madogo meupe, jozi 3, yaani 6 kwa jumla. Ni ya chokaa, kama ganda la yai au la konokono. Yanamsaidia kusikia na kutopinduka majini. Gamba laweza kung'oka, lakini jiwe la sikio hukaa na samaki tangu alipokuwa mchanga mpaka kufa, likiongezewa chokaa kidogo kila siku.

Mwaka 1971 mtaalamu Giorgio Pannella aliandika kwamba mawe hayo yana mistari ya kila siku: siku moja, mstari mmoja. Mistari hiyo ni myembamba mno. Jiwe husuguliwa mpaka liwe jembamba kama karatasi, halafu hutazamwa kwa hadubini. Njia hii yafaa sana kwa samaki wachanga na kwa samaki wa nchi za joto, ambao pete zao za mwaka si wazi. Ndagaa wa Tanganyika wamepimwa hivi. Kwao twahesabu siku, si miaka.

6. Samaki asiye na magamba

Kambale hana hata gamba moja. Lakini naye ameandika siku zake. Pezi lake la ubavuni, karibu na kichwa, lina mwiba mgumu. Wavuvi wanaujua, maana unachoma. Mwiba huo ukikatwa vipande vyembamba kwa msumeno mdogo, pete zake huonekana. Pete huonekana pia katika pingili za uti wa mgongo, kama alivyofanya Hederström.

Basi mkimaliza kula samaki, msitupe mifupa yote. Chukueni pingili moja, muichemshe, muisafishe, muikaushe juani. Tazameni ule uso wake ulio kama kikombe. Mtaona pete, moja ndani ya nyingine.

7. Gombessa wa Komoro

Kosa la kuhesabu si la watoto peke yao. Hata wataalamu hukosea.

Katika bahari ya Hindi, penye visiwa vya Komoro, yuko samaki mkubwa wa vilindini. Wakomoro wanamwita gombessa. Wataalamu wanamwita silakanti. Watu walidhani jamii yake ilikwisha kufa zamani za kale, mpaka mwaka 1938 mmoja alipovuliwa Afrika ya Kusini. Wataalamu walihesabu pete kubwa za magamba yake, wakasema: "Anaishi miaka 20 hivi."

Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa waliyatazama tena magamba ya gombessa 27 kwa mwanga wa namna ya pekee. Katikati ya pete kubwa wakaona pete nyembamba nyingi ambazo macho ya kwanza hayakuziona. Wakahesabu upya. Mmoja alikuwa na miaka 84! Sasa yadhaniwa kwamba gombessa aweza kukaribia miaka 100. Haanzi kuzaa kabla ya miaka 40 hivi, na mimba yake yakaa miaka 5.

Je, tofauti hii ina maana gani? Samaki anayezaa upesi, wakivuliwa wengi, hurudisha hesabu yake upesi. Samaki anayengoja miaka 40 kabla ya kuzaa, akivuliwa, nani atashika mahali pake? Kosa katika kuhesabu umri laweza kumaliza jamii nzima ya samaki.

8. Mtoni

Mto Luama unapita katika nchi ya Kabambare, unaingia Lualaba. Huko hakuna mwalimu wa kuhesabu samaki wala wa kuwatia alama. Lakini elimu ya bwawani yatufaa na mtoni.

Katika bwawa tuliona samaki wafupi waliokuwa wazima: hao ilifaa kuwapunguza. Katika mto mara nyingi ni kinyume. Mtu anayevua kwa chandarua cha mbu huzoa kila kitu: vitoto vya aina ndogo na vitoto vya aina kubwa pamoja. Vingi havijazaa hata mara moja. Sufuria moja ya vitoto leo ni mitego mingi mitupu mwaka kesho. Wavu wenye macho makubwa huwaacha wachanga wapite, wakue, wazae kwanza.

Tena, mvua za kwanza zinapojaza mabonde, kambale hupanda katika majani yaliyofunikwa na maji ili watage mayai. Wakati huo ni rahisi kuwashika. Lakini anayewamaliza njiani hashiki samaki mmoja tu. Anashika na mayai yake yote.

Mkulima hali mbegu zote. Mvuvi naye ajue samaki gani amekwisha zaa, na samaki gani bado.

Maneno

*Pezi*: kiungo cha samaki cha kuogelea na kugeuka.
*Ukingo*: mwisho wa kitu pembeni.
*Kudumaa*: kutokua vizuri.
*Pingili*: mfupa mmojawapo wa uti wa mgongo.
*Hadubini*: chombo cha kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa macho tu.

Maulizo

1. Kwa nini wanafunzi walibishana siku ya kuvua?
2. Ndagaa wa sentimetri 9 na sangala wa sentimetri 9: nani ni mtoto? Kwa nini?
3. Mistari ya gamba huachana wakati gani? Hubanana wakati gani?
4. Kwa nini hatutumii gamba lisilo na mistari katikati?
5. Jike wa miezi 14 alikuwa na pete mbili. Eleza sababu.
6. Utajuaje umri wa kambale?
7. Wataalamu walikosea nini juu ya gombessa? Kosa hilo lina hatari gani?

Hesabu

Samaki wa mto ana sentimetri 30. Toka moyo wa gamba lake hata ukingoni ni milimetri 9. Pete iko milimetri 6 kutoka moyoni. Alikuwa na urefu gani pete ilipoandikwa?

Kazi ya mikono

Pimeni urefu wa ndagaa 100 wa sokoni. Wapangeni mafungu: wa sentimetri 5, wa 6, wa 7, na kuendelea. Chora mstari mmoja kwa kila ndagaa. Fungu gani ni kubwa kuliko yote? Mkiona mafungu mawili makubwa yaliyoachana, huenda ni ndagaa waliozaliwa nyakati mbili mbalimbali.